WAZO LA LEO: Sungura na Somo la Kifo

Filamu ya katuni, yaani ya michoro iliyotiwa mwendo na sauti, hudhaniwa kuwa burudani nyepesi ya watoto, lakini Watership Down, iliyotolewa Uingereza mwaka 1978, humwonyesha sungura Bigwig akiwa amenaswa shingoni kwa kitanzi cha waya, damu ikimtoka kinywani, huku wenzake wakikitafuna kigingi cha mtego ili wamwokoe. Wakati huo ilipewa daraja la U, maana yake inafaa watu wa rika zote, hadi mwaka 2022 ilipohamishiwa daraja linalotaka uangalizi wa mzazi. Mtu mzima anayeirudia hutambua kwamba ndani yake mlikuwa na ukatili, lakini pia mlikuwa na ukweli kwamba uhai hulindwa kwa kushikamana. Basi mzazi asimfiche mtoto habari za kifo. Akae naye, watazame pamoja, amjibu anapouliza.