Kununua Makao

Mwalimu akaribiaye kustaafu ana swali moja lisilomwacha usiku wala mchana, nalo ni hili: atajenga wapi? Sisi waalimu wa Ngara na Biharamulo tukikutana, kabla kahawa haijapoa mazungumzo yamekwisha geukia viwanja. Mmoja atasifu mji wa Ngara ulio juu ya kilima, kwa baridi yake na ukungu wake wa asubuhi. Mwingine atasema Rulenge ni bora, maana pana hospitali na utulivu. Wa tatu, ambaye kila mara ana hesabu ya biashara kichwani, atasema tusipoteze wakati, Nyakanazi ndipo mahali, kwa kuwa njia za Kahama, Kigoma na Rusumo hukutana pale, na penye njia panda duka halikosi mteja. Na yuko mzee mmoja ambaye hataki kusikia jina lolote ila Biharamulo, kwa sababu ya boma la Wajerumani, kana kwamba atapewa chumba humo ndani.

Mimi nami nilikuwa na daftari. Nililipiga mistari, nikaandika juu yake maji, njia, hospitali, bei. Na chini yake majina ya miji. Kila nilipopata habari mpya nilijaza mahali pake, na nilijiona mtu mwenye busara.

Wala sisemi kwamba kuangalia hayo ni kosa. Aristoteli, mwanafalsafa wa Wayunani, katika kitabu chake cha siasa alieleza jinsi mji upasavyo kuwekwa: uelekee upande upatao upepo mwema, uwe na maji ya kutosha, watu wapate afya. Hayo ni maneno ya mtu aliyefikiri, na yeyote aliyebeba ndoo ya maji kupanda vilima vyetu atayakubali bila ya kufundishwa. Lakini tazama tofauti. Yeye alinena juu ya mji ambao raia wake watakaa pamoja na kutawaliwa pamoja; sisi twachagua mji kama mtu achaguavyo kitambaa mnadani, akikivuta huku na huku ili aone kama kitachuja. Twauliza mahali patatupa nini. Ni nani aondokaye ili sisi tuingie? Swali hilo halikuwa na mstari katika daftari langu.

Tena yafaa tukumbuke kwamba katika nchi hii yetu kuchagua makao ni jambo geni. Bugufi ilitengwa na Urundi baada ya vita ya 1914 hadi 1918, wala hakuna mkulima aliyeulizwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa sehemu za Biharamulo wakae mahali pamoja kwa ajili ya malale, wakaacha mahame nyuma yao yakawa pori la mbung'o. Mwaka 1973 ikaja amri ya kuhamia vijijini, na wengi katika Tanzania walijenga upya mahali walipoonyeshwa kwa kidole. Kisha tarehe 28 Aprili 1994 lilifunguka daraja la Rusumo, na katika muda wa siku moja hivi wakavuka Wanyarwanda wapatao 250,000 wakikimbia nchi yao. Wakaketi Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Waitalia waliojenga barabara. Hata mwishoni mwa mwaka 1996 walikuwa wamerudishwa kwao, na vilima vimebaki bila miti. Hao wote hawakuwa na daftari. Walikaa walipowekwa, au walipoangukia kwa kuchoka. Basi mtu awezaye kukaa kitini na kulinganisha Rulenge na Nyakanazi ana kitu kikubwa ambacho baba yake hakuwa nacho, nacho ni nafasi ya kungoja.

Nafasi hiyo ya kungoja ndiyo ninayotaka kuieleza kwa jambo lililonipata mwenyewe.

Wakati mmoja wa kiangazi dalali alinipigia simu akaniambia pana mahali pazuri karibu na barabara ya lami, katika mji mdogo ambao sitautaja. Nilikwenda. Nikakuta nusu eka, migomba iliyotunzwa, mibuni michache, na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili. Bei ilikuwa chini sana kuliko ya jirani. Mwenye nyumba, mtu wa makamo, alinieleza sababu bila ya kuzunguka: mtoto wake amelazwa Mwanza, na fedha inatakiwa upesi.

Mkewe alituletea viti, akasimama karibu na mlango. Nikamwuliza, "Na wewe mama, umekubali kuuza?" Akamtazama mumewe kwanza, kisha akasema, "Yeye ndiye mwenye kusema." Nikauliza watahamia wapi. Mume akajibu, "Tutaona, mwalimu." Tulipozunguka nyuma ya nyumba nikaona makaburi mawili kati ya migomba, yamepaliwa vizuri. Nikauliza ya nani. Ni ya wazazi wake.

Msomaji ajua kwamba katika nchi yetu mtu hanunui ardhi kama anunuavyo baiskeli. Kwa sheria za mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ameshika dhamana yake, na mtu apata haki ya kuitumia tu. Na katika kijiji haki hiyo haihamishwi kwa mgeni ila halmashauri ya kijiji iwe imekubali. Tena sheria ya ndoa ya mwaka 1971 yakataza mmoja wa mke na mume kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Nami mwalimu wa uraia nilikuwa nimefundisha hayo miaka mingi. Nikayasema yote palepale chini ya mgomba. Nikasema sitanunua ila mbele ya halmashauri, na mke aseme kwa kinywa chake, na pabaki kipande chenye makaburi kiwe chao. Dalali alicheka. Mume hakucheka. Alisema, "Mwalimu, mgonjwa hangojei mkutano." Halmashauri ilikuwa ikutane baada ya majuma matatu.

Nikarudi nyumbani na moyo mwepesi. Nilimweleza mke wangu jinsi nilivyosimama katika haki, naye alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: mtoto yu hali gani? Sikujua. Sikuwa nimeuliza hata jina lake.

Siku ya nne nilipata habari kwamba pale pameuzwa kwa mtu mwingine, tena kwa bei pungufu kuliko ile niliyotajiwa mimi, maana lilikwisha enea neno kwamba mwalimu amepakataa, na watu walidhani pana kesi. Makaburi yaliuzwa pamoja na migomba.

Wenzangu niliowasimulia waligawanyika. Mmoja alisema sina lawama, kwa kuwa sikuchukua cha mtu. Mwingine, yule wa hesabu za biashara, alisema nilikosa mara mbili: nimekosa kiwanja, na yule mtu amekosa fedha ambayo mimi ningempa zaidi. Ni vigumu kumjibu. Kama ningalinunua kwa ile bei ya kwanza, angalipata zaidi. Kujitenga kwangu na jambo lisilo haki hakukulizuia jambo hilo lisitendeke. Kulilipunguzia bei tu.

Hata hivyo sikubali kwamba ingalinipasa kununua. Mapatano kati ya mtu awezaye kungoja na mtu asiyeweza kungoja si mapatano ya watu wawili walio huru, hata kama wote wawili wametia sahihi na dole gumba. Bei ile haikuwa bei ya ardhi, ilikuwa bei ya homa ya mtoto. Anayeilipa na kusema "tulikubaliana" asema kweli ya midomo tu. Lakini nilichochelewa kukiona ni kwamba ilikuwapo njia ya tatu, nayo ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikwenda pale na fedha. Fedha ya kununua nilikuwa nayo. Ya kukopesha nilijiambia sina, ingawa ilikuwa fedha ile ile. Ningaliweza kumpa sehemu yake kwa maandiko mbele ya mtendaji wa kijiji, airudishe kwa kahawa ya misimu miwili au mitatu. Pengine asingerudisha. Watu wengi hawarudishi, na mimi si tajiri. Lakini hata kulifikiri sikulifikiri, kwa sababu nilikwenda pale kama mchaguzi wa mahali, na mchaguzi huona maji, njia, hospitali na bei.

Na jambo moja tena. Niliwaza makaburi ya watu nisiowajua, nikayatetea kwa sheria, nikamsahau aliye hai kitandani. Mwenye kutaka kuwa jirani wa watu angalianza na yule.

Mtoto alipona, nashukuru. Wazazi wake wamepanga chumba nyuma ya duka katika mji uleule, na mama huuza ndizi mbivu kando ya barabara, hatua chache tu kutoka migomba iliyokuwa yake. Mwenye mahali pale sasa ameezeka mabati mapya, na pale penye makaburi amejenga ukuta. Sijui upande gani wa ukuta yamebaki.

Mimi ningali katika nyumba ya kupanga, na daftari lipo. Kila basi lisimamapo pale mama yule hunitambua dirishani, huja na sinia yake, hunisalimu kwa heshima, kisha huniuliza, "Mwalimu, umekwisha pata mahali?" Nami nanunua ndizi, namwambia bado.