Kikomo Chako Kiweke Kabla Hujapanda



Vijana wenzangu wa Kanyenye, na ninyi nyote mnaotusoma kutoka parokia nyingine, tumeingia Kwaresima. Jumapili ya kwanza tunasikia habari ya Yesu kujaribiwa jangwani (Mt 4:1–11, Lk 4:1–13). Jaribu la mkate tumelihubiriwa sana, maana njaa kila mtu anaijua. Leo tukae na lile la mnarani. Ibilisi anampandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu, anamwambia ajirushe, halafu anamtolea Maandiko, Zaburi ya 91, ile ya malaika wanaompokea mtu mikononi asijikwae. Yaani mjaribu anakuja na mstari wa Biblia mkononi! Na Yesu anamjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16 kwamba Mungu hajaribiwi.

Labda unasema, mimi hilo halinihusu, nani atanipandisha mnarani hapa Tabora? Ngoja kwanza.

Wapo watu duniani ambao kuruka ni mchezo wao. Wanapanda ndege, wanafika juu, mlango unafunguliwa, wanajitupa na mwavuli mgongoni. Huku kwetu tumewaona makomando wa JWTZ wakishuka kwa miavuli kwenye sherehe za kitaifa. Kule Diani, pwani ya Kenya, watalii huruka wakiwa wamefungwa kifuani kwa mwalimu na kutua kwenye mchanga wa bahari. Ukiwatazama kwa mbali unasema hawa ni watu wasioogopa kitu. Ukisoma kanuni zao utashangaa, maana ni watu wenye sheria kuliko hata sisi wa kwaya.

Sheria yao kubwa inahusu kimo. Mtu anayeanguka kabla ya kufungua mwavuli hufika kasi ya kilomita kama 200 kwa saa, yaani mita kama 55 kila sekunde. Kwa hiyo chama cha warukaji cha Marekani kimeweka kimo cha chini kabisa cha kufungua mwavuli. Mwanafunzi na mwenye leseni ya kwanza wafungue wakiwa hawajapita futi 3,000 juu ya ardhi, kama mita 900. Wazoefu, futi 2,500, kama mita 760. Zamani wale wenye uzoefu mkubwa waliruhusiwa kushuka hadi futi 2,000, lakini mwaka 2013 kikomo kikapandishwa. Umeona? Kikomo cha wataalamu ndicho kilichoongezwa.

Piga hesabu. Ukiwa mita 760 na mwavuli haujafunguka, una sekunde kama 14 mpaka ardhini. Na mwavuli wenyewe haufunguki papo hapo, unakula mita mia mbili na zaidi za kimo. Ukifunguka vibaya inabidi uukate, uuachie uende, ndipo ufungue ule wa akiba. Kwa hiyo wana kingine wanachokiita kimo cha uamuzi. Kwa mzoefu ni futi 1,800, kama mita 550. Ikifika hapo na mwavuli wako bado una matatizo, huanzi kujadiliana na nafsi yako. Unafanya kile ulichoamua ulipokuwa chini, kichwa kikiwa kimetulia na miguu ikiwa ardhini.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, wapendwa. Uamuzi wa angani hufanyika ardhini. Angani unatekelezwa tu.

Sasa turudi mitaani kwetu. Kijana amelipwa fedha za tumbaku za familia, anapita kwenye kibanda cha kubeti. Anajiambia, naweka elfu mbili tu. Ameliwa. Anaongeza tano ili arudishe ile mbili. Saa tatu usiku ada ya mdogo wake imekwisha. Muulize, uliamua saa ngapi kucheza ada ya mdogo wako? Hakuamua. Alikuwa anashuka tu, na kila hatua alidhani bado yuko juu.

Binti ameitwa chumbani, njoo tuongee tu. Dereva wa bodaboda ameshapiga vikombe viwili, wenzake wanamshangilia, hebu tuone kama utaipita ile basi. Mwingine amechukua mkopo wa kwenye simu, akachukua wa pili kulipa ule wa kwanza, sasa ana wa tano. Wote hawa hawakuwa watu wabaya. Shida yao ni kwamba walipanda bila kikomo, wakitegemea kwamba wakifika kwenye hatari watajua wenyewe la kufanya. Lakini kwenye hatari ndipo akili inapokuwa finyu kuliko wakati wowote. Damu inachemka, watu wanaangalia, na sekunde zinakwenda.

Wazee wa mji huu walilijua hilo bila mwavuli wala ndege. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara, kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, kwenda Ujiji. Kati ya Ugogo na huku kwetu palikuwa na pori la Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa ya shida. Msafara ulipanga maji kabla ya kuingia. Ukishaingia Mgunda Mkali, kibuyu kitupu hakijazwi kwa ujasiri. Na mbele ya wapagazi alikwenda kirangozi, wala haikuruhusiwa mtu kumtangulia. Aliyemtangulia alitozwa faini. Mwenye mbio hakusifiwa, maana mbio zake zingeweza kuwapoteza wengine. Kwa njia hiyohiyo walifika Wamisionari wa Afrika mwaka 1878, na Padre Pascal, mmoja wa wakubwa wao, alifia njiani kabla ya kuiona Tabora. Imani tuliyonayo ililetwa na watu waliohatarisha maisha kweli. Lakini walihatarisha kwa ajili ya kitu, na maji walibeba.

Angalia pia kwamba jibu la Yesu mnarani linakumbusha Masa, mahali pa kiu (Kut 17:1–7). Waisraeli walikosa maji, wakamtaka Mungu athibitishe kama yuko nao au hayuko. Kuwa na kiu si dhambi. Kosa lao lilikuwa kumweka Mungu kwenye mtihani, kwamba fanya hili sasa hivi, la sivyo hupo. Na ibilisi anamtaka Yesu afanye hivyohivyo, amlazimishe Baba. Yesu anamwamini Baba kiasi kwamba hana haja ya kumpima.

Kuna kifaa kidogo ambacho warukaji wengi hukibeba siku hizi, kimetokana na kazi ya Mjerumani Helmut Cloth, kikaanza kutumika mwaka 1991. Kazi yake ni kufungua mwavuli wa akiba chenyewe. Ukifika mita kama 225 juu ya ardhi na bado unaanguka kwa kasi kubwa, labda umezimia, labda umechanganyikiwa, kifaa kinakufungulia. Kimeokoa watu wengi. Lakini walimu wao wanasisitiza, usiruke ukikitegemea. Mtu anayechelewa makusudi, akafungua mwavuli mkubwa karibu kabisa na kimo kile, anaweza kujikuta miavuli yote miwili imefunguka kwa pamoja na kusongana. Kile kilichowekwa kumwokoa kinageuka kuwa hatari, kwa sababu alikiingiza kwenye mahesabu yake.

Si ndivyo tunavyofanya na Kitubio? Nitafanya leo, Jumamosi nitaungama. Padre atanisamehe, Mungu ni wa huruma. Ni kweli Mungu ni wa huruma, na hakuna aliyeanguka chini sana hata neema isimfikie. Wewe uliyeanguka jana, usiogope, nenda kwenye kiti cha maungamo leo hii. Lakini huruma ya Mungu haikutolewa ili tuipigie hesabu ya dhambi ya kesho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2092, inaonya juu ya mtu anayetumainia msamaha bila kutaka kuongoka. Huyo hamtumaini Mungu, anamtumia.

Na kuna jambo la pili katika sheria zao, ambalo sisi vijana hatulipendi: kwenye uwanja wa kurukia yupo mtu mwenye mamlaka ya kukwambia leo huruki. Upepo umezidi, huruki. Mwanafunzi wa peke yake, upepo ukizidi kilomita kama 22 kwa saa, anabaki chini. Umekunywa, huruki. Mwavuli wa akiba hufungashwa na fundi mwenye cheti, na kule Marekani hufunguliwa na kufungashwa upya kila baada ya siku 180, hata kama haukutumika. Hakuna anayesema, mimi najijua. Wengine hufa mwavuli ukiwa umefunguka vizuri kabisa, kwa sababu tu walikata kona ya madoido karibu na ardhi ili watu wapige makofi.

Wewe nani anaweza kukwambia leo huruki? Una mtu huyo? Msimamizi wa VIWAWA, mama yako, padre mlezi, rafiki mmoja wa kweli kwenye jumuiya? Kama kila anayekukataza unamwita mnoko, basi umebaki na wanaopiga makofi tu. Na hao, siku ya msiba, watachanga rambirambi wakaendelea na maisha.

Jambo hili si la hiari kama tunavyodhani. Katekisimu, namba 2290, inahesabu kuwa ni hatia kubwa kuweka maisha yako au ya mwenzako hatarini kwa ulevi au kwa uroho wa mwendo kasi, na haiishii barabarani. Inataja bahari, inataja na anga. Ile abiria uliyembeba nyuma ya pikipiki naye ana mama.

Mtu atauliza, basi Mkristo awe mwoga? Hapana. Mrusi mmoja, Valery Rozov, aliruka kutoka kwenye miamba ya Kilimanjaro yetu mwaka 2015, zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, akiwa na vazi la mabawa. Wanaoruka kutoka kwenye miamba kwa kawaida hubeba mwavuli mmoja tu, maana nafasi ya kufungua wa pili haipo. Alikuwa bingwa. Mwaka 2017 alifariki Nepal akiruka kutoka mlimani. Hatumhukumu marehemu, tunamwombea pumziko la milele. Lakini tujue kwamba ubingwa hauongezi urefu wa mwamba. Ardhi haimwangalii mtu usoni.

Ushujaa wa Kristo tuutafute Golgota. Pale pia wapita njia walimwambia, kama kweli wewe ni Mwana wa Mungu, shuka msalabani (Mt 27:40). Ni maneno ya mnarani yamerudi, mdomo tu ndio mwingine. Angeweza kushuka na watu wakapiga makofi. Akabaki. Mnarani alikataa kujitupa, msalabani alikataa kushuka, na mara zote mbili alichagua kile Baba alichotaka dhidi ya kile watazamaji walichotaka. Kama kuna siku utalazimika kuhatarisha maisha yako kwa ajili ya mwenzako, Bwana atakuwa nawe. Ila usiyatumie kwa ajili ya video ya nusu dakika.

Neno la mwisho. Altimita, kile kifaa cha kupima kimo ambacho mrukaji hukivaa mkononi, lazima iwekwe sifuri kwenye ardhi atakayotua. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu akiweka sifuri yake Dar es Salaam, akaja kuruka huku, altimita itamwambia bado una mita 1,200, kumbe ameshagusa ardhi. Vijana wengi tunaishi na sifuri ya watu wengine. Yule wa mjini kwenye simu anaweza kupoteza laki tatu kwa usiku mmoja na asubuhi anywe chai. Wewe laki tatu ni ada, ni mbolea, ni dawa za bibi. Weka sifuri yako kwenye ardhi yako, mbele ya Mungu, na kikomo chako ukipime kutoka hapo.

TAFAKARI YA WIKI

1. Chukua karatasi leo, siyo siku ya jaribu. Andika jaribu lako moja. Kisha andika kikomo: fedha kiasi gani, saa ngapi, mahali gani, na nani. Kiweke juu zaidi ya pale unapodhani unaweza kufika.

2. Mtaje mtu mmoja ambaye unampa ruhusa ya kukwambia leo huruki. Mwambie mwenyewe wiki hii, uso kwa uso.

3. Kama tayari uko chini ya kikomo chako, usingoje Pasaka. Kitubio kipo.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyesimama mnarani usijitupe, utupe akili ya kuona hatari tukiwa bado mbali nayo. Utuondolee aibu ya kusema hapana mbele ya marafiki. Waongoze walio barabarani usiku huu, walio majini na walio angani. Na sisi tuliokwisha kuanguka, utuinue kwa huruma yako, tusiifanye huruma hiyo kuwa mchezo. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Kwaresima njema.