Kuufunga Mkono Mzima

Baba yangu ni fundi wa nguo. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kulia hulala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na wageni wakibisha hodi anasukuma sahani kando.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza hivi: ubongo unatuma amri, mkono unashindwa, mtu anachoka kushindwa, basi mkono mzima unachukua kazi zote. Hatimaye ubongo unazoea kutoutumia ule dhaifu, hata kama una nguvu kidogo zilizobaki. Dawa? Uvishe glavu nene mkono mzima karibu siku nzima, majuma mawili, na ule dhaifu ufanyishwe kazi. Kila ukikosea, ubongo hujisahihisha kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wa wagonjwa 222, ulionyesha kwamba njia hii husaidia.

Nikataka kujua ilitoka wapi. Ilitoka kwa kima. Mwanasayansi Edward Taub alikata neva za hisia za mkono mmoja wa kima. Mkono uliweza kusogea, lakini mnyama akaacha kuutumia. Ule mzima ulipofungwa, akaanza kuutumia ule uliokufa ganzi. Mwaka 1981 polisi waliingia maabara yake huko Silver Spring, Maryland, wakachukua kima 17 waliokuwa katika hali mbaya. Taub alipatikana na hatia ya kutowapa baadhi yao matibabu ya kutosha. Baada ya rufaa, hukumu ikafutwa.

Kwa hiyo glavu niliyoishika ilikuwa na deni. Nilijifariji: kima hawakuulizwa, Baba ameulizwa. Asubuhi alikubali mwenyewe. "Funga," aliniambia, "nataka kula na watu."

Jioni ugali ulikuwa mezani. Tonge likamponyoka mara tatu, mchuzi ukamwagikia shati alilolishona mwenyewe. "Fungua," akasema. Nikamkumbusha ya asubuhi. "Nimesema fungua, mwanangu."

Sasa nimsikilize Baba yupi? Wa asubuhi alikuwa na mpango. Wa jioni alikuwa na njaa na aibu. Watu husema mgonjwa hajui linalomfaa, na pengine ni kweli: kulegea kwangu kunaweza kumgharimu mkono. Lakini nikikataa, ruhusa yake ya asubuhi imegeuka kamba. Ruhusa isiyoweza kurudishwa inamwacha karibu sana na wale kima. Tofauti yao na yeye ni neno moja tu, "fungua", na neno hilo lina maana pale tu anayelisikia anapolitii.

Nikafungua. Akala kwa kijiko, kimya.

Kesho asubuhi nitamuuliza tena. Akikataa, glavu itabaki kabatini, nami nitaishi na mkono ambao huenda ungeamka.