Acheni Kuandika "Aendelee na Dawa"

Siku ya kliniki ya afya ya akili, foleni imefika mlangoni na tabibu yuko peke yake. Anafungua faili, jicho linashuka hadi mstari wa mwisho: haloperidoli, klopromazini, Artane. Kalamu inaandika "aendelee na dawa", mgonjwa anapokea karatasi, anaitwa mwingine. Mwezi ujao vivyo hivyo. Mtu humaliza miaka akimeza vidonge ambavyo hakuna anayekumbuka nani alivianzisha, wala kwa nini.

Ndugu tabibu, ndugu muuguzi, hapo ndipo pa kuanzia! Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka mwaka 2010 na kuhuishwa 2016, uliandikwa kwa ajili yenu hasa, mlio kwenye vituo ambavyo daktari bingwa wa akili haonekani. Nao unasema mambo yanayotendeka. Dawa ya saikosisi iwe moja kwa wakati mmoja, ianze kwa dozi ndogo, ipandishwe taratibu, ipewe wiki 4 hadi 6 kabla ya kusemwa imeshindwa. Artane si ya kila anayeanza haloperidoli. Ni ya yule aliyekakamaa au anayetetemeka. Valproeti asipewe mwanamke anayeweza kushika mimba, maana humdhuru mtoto tumboni. Na sonona haitibiwi kwa dayazepamu, hata mgonjwa akiiomba kwa jina.

Mtaniambia dawa zinaisha stoo. Kweli zinaisha, na hilo ni la mganga mkuu wa wilaya kulijibu. Lakini kumwambia mgonjwa anyooshe mikono uone kama inatetemeka, kunahitaji stoo gani? Kumpima uzito na presha je? Mwulize mama aliyemleta: "Usiku analala? Vidonge anameza, au anaficha chini ya godoro?" Majibu yake yatakufaa kuliko mstari ule wa mwezi uliopita.

Hamhitaji semina wala posho. Kliniki ijayo, kabla wagonjwa hawajaanza kuingia, toeni mafaili kumi, mkae tabibu, muuguzi na mfamasia, mwongozo ukiwa wazi mezani. Kila dawa itajiwe sababu yake. Ikikosekana sababu, mpigieni simu bingwa wa mkoa mkubaliane namna ya kuipunguza kidogo kidogo, kwani kuikata ghafla kunaweza kumrudishia mgonjwa maradhi yote. Kisha mliyokubaliana yaandikwe kwenye faili, tena kwa mwandiko unaosomeka.