Mwaka Mmoja Zaidi kwa Mtini

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba anaujia mtini wake mwaka wa tatu mfululizo na haoni tunda. Anaamuru ukatwe, kwa nini uendelee kuchosha ardhi? Mtunza shamba anamsihi auache mwaka mmoja zaidi. Wala haombi muda mtupu. Anaahidi kuchimba kuuzunguka na kuutilia samadi, na anakubali kwamba usipozaa hata hapo, basi ukatwe.

Mahubiri mengi huishia kwenye subira ya mwenye shamba. Vyuo vikuu vingejifunza zaidi kwa mtunza shamba, maana mara nyingi kinachotolewa kwa mwanafunzi aliyeanguka ni ule mwaka peke yake, bila jembe wala samadi.

Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye GPA yake imeshuka chini ya 2.0 kwenye kipimo cha 4.0 kwa kawaida huwekwa katika uangalizi wa kitaaluma. Anapewa muda, aghalabu semista moja au mbili, aipandishe, akishindwa anasimamishwa. Tanzania mambo yana sura nyingine, na wanafunzi wenyewe wameyapa majina. Aliyefeli mtihani anakula sapu, yaani mtihani wa marudio. Akifeli tena somo linakuwa keri, analibeba hadi mwaka unaofuata. Yakizidi, anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Bumu, yaani fedha yake ya kujikimu, linakatika siku hiyo, ila deni la Bodi ya Mikopo linabaki mgongoni mwake, na nyumbani kuna watu waliokwisha kumwita “mwalimu” au “daktari” kabla ya wakati.

Je, chuo kinadaiwa nini na mtu aliyefeli?

Wapo wanaojibu kwamba hakidaiwi kitu. Aliingia kwa sifa, akasomewa kanuni, akafanya mtihani uleule walioufanya wenzake. Hoja hiyo ina uzito. Muuguzi aliyepitishwa kwa kuonewa huruma atakuja kupima dozi ya mtoto wa mtu. Mhandisi wa namna hiyo atakuja kusaini michoro ya ghorofa. Alama ya bure ni dhuluma kwa watu ambao hawakuwepo kwenye kikao cha bodi ya mitihani. Kwa hiyo kiwango kibaki palepale kilipo. Lakini kulinda kiwango ni jambo moja, na kumhukumu aliyekikosa ni jambo jingine.

Hapa Aristotle anafaa kusikilizwa. Katika kitabu chake cha Balagha alitenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: balaa, kosa na uovu. Balaa humpata mtu bila kulitarajia. Kosa hutokana na kutojua au kutopima vizuri, bila nia mbaya. Uovu hutendwa kwa kukusudia. Uadilifu wa kweli, alisema, hauyapi hayo matatu adhabu moja, kwa kuwa sheria huandikwa kwa jumla na maisha hayaji kwa jumla.

Sasa ziangaliwe GPA tatu za 1.7. Wa kwanza alifiwa na baba wiki ya mitihani. Wa pili alikuwa kinara wa shule yake ya sekondari kwa kukariri madesa, akafika chuoni akaendelea kukariri mahali panapotaka kuchambua. Wa tatu hakuhudhuria vipindi na alinunua kazi za nyumbani. Barua wanayopokea ni ileile, imebadilishwa jina na namba ya usajili. Ni barua ya haki kwa maana ya usawa, lakini haijamjua hata mmoja wao.

Na barua hiyo ina nguvu. Mwaka 2010 wanauchumi Jason Lindo, Nicholas Sanders na Philip Oreopoulos walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu kimoja kikubwa cha Kanada, wakiwalinganisha walioangukia chini kidogo ya mstari wa onyo na waliobaki juu yake kidogo, watu wasiotofautiana sana kwa uwezo. Waliopewa onyo wakarudi darasani walipandisha alama. Wengine hawakurudi kabisa. Onyo lilelile likamwamsha mmoja na kumfukuza mwingine. Mtafiti Shannon Brady na wenzake, Marekani, waliichunguza barua yenyewe. Ilipoandikwa upya ikaeleza kwamba wengi huanguka kwa sababu zinazoeleweka na kwamba wapo walioinuka, na kwa njia gani, aibu ya wanafunzi ilipungua, na mawazo ya kuacha chuo yakapungua pia.

Aibu hii inastahili kutazamwa kwa macho ya dini, kwa sababu mwanafunzi huibeba kana kwamba ametenda dhambi. Hapigi simu nyumbani, anabadilisha njia asikutane na mhadhiri wake. Lakini kufeli hesabu si dhambi, na hata waliobobea huanguka. Mwaka 1095 Imamu Ghazali, mwalimu mashuhuri kuliko wote wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, alisimama mbele ya wanafunzi ulimi ukagoma. Hakuweza kufundisha, chakula hakikupita, na matabibu wakasema ugonjwa uko moyoni. Aliondoka, na miaka kama kumi na moja baadaye alifundisha tena, mjini Nishapur. Angepimwa kwa semista ile moja, angeandikiwa nini?

Palipo na uzembe au udanganyifu, hapo toba ina mahali pake, na wanazuoni wa Kiislamu waliiwekea masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya mtu ikiwa ilichukuliwa. Yote ni kazi ya mwenye kosa. Hakuna mshauri awezaye kumfanyia.

Lakini samadi ni kazi ya chuo. Katika Georgia State University, mjini Atlanta, mwaka 2003 waliohitimu walikuwa asilimia 32 tu ya walioingia. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 54. Mitihani haikulegezwa. Chuo kiliajiri washauri wa ziada 42, kikaanza kufuatilia kila siku zaidi ya viashiria 800 vya hatari, ili mwanafunzi aitwe pale anapoyumba, kabla hajaanguka. Kilianza pia kulipa madeni madogo ya ada ya watu waliokaribia kufutiwa usajili kwa upungufu wa dola mia chache. Mwanafalsafa Kant alishikilia kwamba wajibu hauwezi kumwangukia asiye na uwezo wa kuutimiza. Kumtaka apandishe GPA mtu aliyefungiwa usajili, au anayelala na njaa hosteli, ni kuudai mtini tunda juu ya mwamba.

Na mtini usipozaa? Luka hasimulii mwisho wake. Wapo ambao hata baada ya jembe na samadi watadisko, na ni haki wadisko. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alilaumu shule zilizojengwa kwa ajili ya wachache na kuwaacha walio wengi wakijiona wameshindwa maisha. Lawama hiyo inaihusu barua ya mwisho ya chuo kuliko barua nyingine yoyote. Imweleze kijana masomo aliyofaulu na mahali yanapoweza kuhesabiwa, iwe ni stashahada au kozi ya VETA. Imweleze deni lake ni kiasi gani na ataanza lini kulilipa. Na ikabidhiwe mkononi mwake na mtu anayelijua jina lake, mlango ukiwa umefungwa na kiti cha pili kikiwepo.