Chini ya Paa Moja, Bila Salamu

Jumapili ya tarehe 20 Agosti 1916, wanaume wawili walikuwa katika hoteli moja iliyoitwa Virginia, kando ya bahari mjini Long Beach, kusini mwa jimbo la California. Mmoja alikuwa Charles Evans Hughes, mgombea urais wa Marekani kwa tiketi ya chama cha Republican. Wa pili alikuwa Hiram Johnson, gavana wa jimbo hilo, aliyekuwa akiomba chama hicho hicho kimpitishe kugombea Seneti. Hughes alipumzika kidogo, akaonana na waliokuja kumwona, kisha akaingia garini akaenda Los Angeles. Johnson alikuwa chumbani ghorofani. Hawakupeana mkono, hawakuonana hata kwa mbali. Novemba ilipofika Hughes aliukosa urais kwa sababu ya California, na California aliikosa kwa kura zisizofika 4,000 kati ya karibu milioni moja zilizopigwa.

Wapendwa, somo letu wiki hii ni Mathayo sura ya 5, aya ya 23 na 24. Bwana Yesu anamzungumzia mtu ambaye amekwisha kufika madhabahuni, sadaka i mkononi, ndipo anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Tuangalie vizuri ni nani mwenye neno. Huyu mwenye sadaka huenda hana kinyongo na mtu, huenda moyo wake ni mweupe kabisa. Mwenye uchungu ni yule mwingine aliyebaki nyumbani. Hata hivyo, anayeambiwa aache sadaka yake na kuondoka ni huyu, naye haambiwi atume mtu. Aende mwenyewe. Tangu nilipoisoma habari ya California, kila nikifika kwenye aya hizi naiona hoteli ile.

Ugomvi wa chama chao huko California ulianza miaka minne kabla ya siku ile. Johnson alichaguliwa gavana mwaka 1910 kwa ahadi ya kuitoa kampuni ya reli ya Southern Pacific katika siasa za jimbo, maana kampuni hiyo ilikuwa imekamata wabunge na vyama kama mali yake. Alitimiza mengi. Mwaka 1911 wanawake wa California walipata haki ya kupiga kura. Lakini mwaka 1912 chama cha Republican kilipasuka kwenye mkutano mkuu wa Chicago: waliomtaka Rais William Howard Taft wakabaki, waliomtaka Theodore Roosevelt wakatoka na kuunda chama cha Progressive, na Johnson akawa mgombea mwenza wa Roosevelt. Huko California watu wa Johnson ndio walioshika uongozi wa chama cha Republican. Wana-Republican waliompenda Taft walipofika kupiga kura wakakuta jina lake halimo kama mgombea wa chama chao. Roosevelt alilichukua jimbo hilo kwa tofauti ya kura 174 tu. Fikirini uchungu wa watu wale: wamezaliwa katika chama, wamekilipia, halafu siku ya uchaguzi wanakuta wamefungiwa nje ya nyumba yao wenyewe.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na neno juu ya mwenzake, mmoja juu ya enzi za reli, mwingine juu ya uchaguzi wa 1912, na maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Magomvi magumu ya kanisani na ya ukoo karibu yote huwa hivi. Hakuna mwongo wa kumkemea.

Hughes aliingia katikati ya hao akiwa mtu safi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. (Baba wa mpinzani wake, Rais Woodrow Wilson, naye alikuwa mchungaji, wa Kipresbiteri, hivyo mwaka ule watoto wawili wa wachungaji walishindania Ikulu.) Hughes alikuwa amekaa miaka sita kwenye Mahakama Kuu ya Marekani na hakuhusika na mpasuko wa 1912, na hiyo ndiyo sababu pande zote mbili zingeweza kumkubali. Roosevelt mwenyewe alirudi kumuunga mkono. Alipofika California, Hughes alitaka asiingie katika ugomvi wa wenyeji. Alikuja kuomba kura, hakuja kuamua kesi.

Ninauheshimu uamuzi huo, na bado naona kwamba hapo ndipo aliposhindwa. Safari yake jimboni iliachwa mikononi mwa wakongwe wa chama, akina William Crocker na Francis Keesling, mahasimu wa Johnson. Wao ndio waliompokea, wao ndio walioketi naye jukwaani na mezani. Mjini San Francisco wahudumu wa migahawa walikuwa kwenye mgomo, naye akala chakula cha mchana kwenye klabu ya wafanyabiashara, akihudumiwa na watu waliochukua nafasi za waliogoma. Moyoni hakuwa na upande. Lakini wafanyakazi wa San Francisco hawakuweza kuuona moyo wake, waliona sahani yake. Watu wa Johnson nao waliona viti vilivyomzunguka. Mtu akisema hana upande huku kila siku anakula na upande mmoja, amekwisha kuchagua, hata kama mwenyewe hajatambua.

Kisha ikaja Jumapili ile ya Long Beach. Waliomzunguka Hughes walijua kwamba gavana yumo hotelini, na hawakumwambia. Alipata habari Los Angeles, kilomita kama 35 kutoka pale, na alifadhaika sana. Usiku huo huo aliwatuma watu warudi Long Beach wakaombe radhi na kumwalika Johnson awe mwenyekiti wa mkutano wake wa hadhara mjini Sacramento. Johnson alikataa.

Nataka tukae kidogo na hao wapambe, kwa sababu mara nyingi hatuwahubirii. Kila mtu mwenye cheo anao. Ndio wanaojua nani yuko wapi, nani ana hasira na nani, simu gani ipokelewe na ipi iachwe iite. Hakuna aliyesema uongo siku ile. Walinyamaza tu, na ukimya wao ulitosha. Pengine walijiambia kwamba wanamlinda bosi asipoteze muda. Yakobo, katika waraka wake, ameandika mengi juu ya ulimi unaowasha moto, na tunamshukuru. Mimi nikiwa katika huduma nimeona moto mwingine pia, ule wa mtu aliyejua neno moja ambalo lingewakutanisha ndugu wawili, akalimeza. Kama wewe ni katibu, ni mke, ni shemeji, ni dereva, ni mzee wa kanisa aliye karibu na mkubwa, jambo hili linakuhusu kuliko linavyomhusu yeye.

Na Johnson je? Yeye alijua kwamba mgeni yuko chini. Alikuwa gavana, yaani kwa maana yoyote ile alikuwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayetoka mlangoni kumlaki mgeni. Katika Luka sura ya 7, Simoni Mfarisayo alimwalika Bwana mezani lakini hakumpa maji ya miguu wala busu, na Bwana alivumilia mpaka mwanamke aliyemwosha miguu kwa machozi alipolaumiwa, ndipo akayataja yote moja baada ya jingine. Salamu iliyokosekana ilikuwa imeonekana. Najua Johnson alikuwa na sababu: kwa siku kadhaa alikuwa amewekwa kando ndani ya jimbo lake, na kura za maoni za Seneti zilikuwa zimebaki siku tisa. Alikuwa akingoja mgeni aje kumwona. Lakini mtu anayengoja kuonwa anaweza kungoja mpaka usiku, mgeni akaondoka, na wote wawili wakabaki na haki yao mkononi.

Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 14, kina habari inayofanana na hii. Daudi alikubali mwanawe Absalomu arudishwe Yerusalemu baada ya kumuua Amnoni, ila akaamuru asimwone uso. Absalomu akakaa mjini miaka miwili mizima, mji mmoja na baba yake, bila kuonana. Yoabu, aliyekuwa mtu wa kati, aliitwa mara mbili na hakuja, mpaka Absalomu alipoagiza shamba lake la shayiri lichomwe moto. Mwishowe mfalme alimpokea na kumbusu. Ukifungua sura ya 15 unakuta kijana yuko langoni akiwavuta watu kwake, na uasi umeanza. Busu lilikuja, lakini lilikuja baada ya miaka miwili ya moyo kukauka. Wajumbe wa Hughes nao walifika Long Beach usiku, wakati gavana alikuwa amekwisha kukaa mchana kutwa na fedheha yake.

Uchaguzi ulifanyika Jumanne ya tarehe 7 Novemba. Majimbo ya mashariki yalimpa Hughes kura nyingi kiasi kwamba magazeti ya New York yalimtangaza mshindi, na alikwenda kulala akijiona rais. California ilihesabu polepole. Rais wa Marekani hupatikana kwa kura za wajumbe wa majimbo, na California ilikuwa na wajumbe 13. Hesabu ya mwisho ilikuwa Wilson 277, Hughes 254. Uwahamishe hao 13, Hughes anakuwa na 267 na Wilson 264. Siku hiyo hiyo Johnson, aliyekuwa amekwisha kupitishwa na chama, alishinda kiti cha Seneti kwa tofauti inayokaribia kura 300,000. Maana yake ni kwamba watu maelfu kwa maelfu walimpigia gavana wao wa Republican, kisha wakamruka mgombea urais wa Republican, au wakampa Wilson kura yao. Hughes alimpongeza Wilson kwa simu ya maandishi tarehe 22 Novemba.

Sisemi kwamba salamu ile peke yake ndiyo iliyomnyima urais, na asiwepo wa kunisingizia hivyo. Wanawake wengi wa California waliogopa Vita Kuu ya Kwanza iliyokuwa ikiendelea, na Wilson alinadiwa kama rais aliyeiepusha nchi na vita. Wafanyakazi walikuwa na sababu zao. Wala sisemi kwamba Mungu alimnyima mmoja ampe mwenye haki zaidi. Serikali ya huyo Wilson ilikuwa imewatenga watumishi weusi katika ofisi zake. Tena vita ile iliyoogopwa California ilikuwa imekwisha kufika kwetu: katika majuma yale yale ya Agosti jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilikuwa likiingia Morogoro, na wapagazi wa Kiafrika walikuwa wakifa kwa maelfu kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya wazungu wa pande zote mbili. Mwezi wa Aprili 1917 Wilson naye aliingia vitani. Tusizisome kura kama tunavyosoma Maandiko. Hughes mwenyewe hakuangamia: alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na baadaye Jaji Mkuu wa Marekani tangu 1930 hadi 1941.

Kinachonishika ni zile ngazi za hoteli. Hazikuwa nyingi. Na katika usharika wetu ziko nyingine fupi kuliko zile. Tangu tulipochagua wazee wa kanisa, wako watu wanaoketi benchi moja na kutoka kwa milango miwili. Iko familia ambayo kwenye msiba ilipika kwenye majiko mawili. Kwaya imegawanyika kwa sababu ya fedha za sare, na viongozi wa pande zote mbili wamekuja kwangu kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiniambia kwamba yeye hana tatizo na mwenzake. Ninawaamini. Hughes pia hakuwa na tatizo na Johnson.

Jumapili ijayo tunashiriki Meza ya Bwana. Alhamisi na Ijumaa jioni, baada ya saa kumi na moja, mimi na wazee wawili tutakuwa ofisini kwa ajili ya yeyote ambaye miguu yake ni mizito kwenda peke yake kwa ndugu yake. Tutamsindikiza mpaka mlangoni, hata kama ni mbali, na tutangoja nje. Viongozi wa kwaya nitawafuata mimi mwenyewe kesho.