Kadi ya Hospitali Si Yako, Mwanangu

Wanangu mlio kazini, hasa nyinyi wa kati ya miaka 35 na 45 ambao jino likiuma mnaingia hospitali ya kulipia, mnatoa kadi na kuondoka bila kugusa mfuko, nisikilizeni. Kadi hiyo ni ya mwajiri. Aliinunua kwa ajili ya watu wanaomfanyia kazi, na jina lako likitoka kwenye orodha ya mishahara, nayo imekufa. Pamoja nayo imekufa ya mkeo au mumeo na ya watoto.

Nimefanya kazi afisi ya watumishi hapa Mombasa miaka mingi, na wanaostaafu nimewaandikia barua zao. Huuliza kiinua mgongo kitatoka lini, pensheni ni kiasi gani, deni la Sacco litakatwaje. Habari ya matibabu huja mwisho, mtu kashasimama aende zake, na mara nyingi anayeuliza ni mke aliyemsindikiza. Wakati huo mzee ana miaka 60, presha anayo, na pengine sukari imeshamwanza.

Akienda kujinunulia bima ya kibinafsi, huulizwa umri kwanza, kisha maradhi. Kampuni nyingi zina umri ambao mtu akiupita hapokelewi kuwa mwanachama mpya, na aghalabu umri huo umo kwenye miaka ya sitini. Lakini aliyejiunga mapema mara nyingi huachwa aendelee hata akiupita, mradi asikatize malipo. Hapa ndipo ninapotaka mpashike. Bima ya uzeeni huchaguliwa mtu angali na nguvu zake, kabla daktari hajamwandikia dawa ya kumeza kila siku. Maradhi uliyoingia nayo huwekewa muda wa kungoja, mara nyingi mwaka mzima, na hata muda ukipita kiasi watakacholipia huwa na kikomo chake. Wala msiyafiche kwenye fomu. Siku utakapolazwa, faili ya daktari itaonyesha ulianza dawa lini, na kampuni itakataa kulipa ikiwa na haki yake.

Kwa hiyo mwenye uwezo na ajinunulie sasa bima ya kulazwa peke yake, hata kama ya kazini inamtosha. Ni nafuu kuliko ile inayochanganya na matibabu ya kwenda na kurudi, na kulazwa ndiko kunakouza mashamba ya watu. Dawa ya kikohozi na kipimo cha damu utajikamua ulipe. Upasuaji wa nyonga hutauweza kwa pensheni.

Wapo wanaonijibu kwamba SHA, bima ya afya ya serikali, ipo. Ipo, na mimi siidharau hata kidogo, kwa kuwa haimfukuzi mtu kwa uzee wala kwa ugonjwa. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kila mmoja wenu anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Ila jueni kinachobadilika mkistaafu. Leo mwajiri anakukatia na kupeleka kila mwezi, wewe huna habari. Siku hiyo utahesabiwa pamoja na wasio na mshahara: utaulizwa maswali kuhusu nyumba yako na maisha yako, upangiwe kiasi, na utalipa cha mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, lakini aliyejenga nyumba nzuri asitarajie kupangiwa hicho. Tena SHA hulipa kwa viwango vyake. Hospitali ikitoza zaidi, kilichobaki ni chako.

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui kabisa, na linanisikitisha kwa sababu ni haki yenu. Mfuko wa pensheni unaweza kuwa na akiba ya pembeni ya matibabu ya baada ya kustaafu. Tangu sheria za kodi zilipobadilishwa Desemba 2024, unaweza kuweka humo hadi shilingi 15,000 kwa mwezi zisizotozwa kodi. Sisemi uweke zote. Mwenye kuweka 3,000 kila mwezi kwa miaka 20 ana 720,000 kabla hata ya kuhesabu faida, na hizo si za karo wala harusi, ni za bima na hospitali tu. Pesa ya matibabu iliyochanganywa na kiinua mgongo haidumu. Jamaa huisikia kabla haijafika benki.

Wenye ndoa, kaeni muangalie nani atastaafu baadaye. Kama mke ni mdogo kwa miaka minane na ameajiriwa, kadi yake inaweza kumbeba mume miaka hiyo yote, mradi aandikishwe mapema. Na msitegemee watoto. Wanaotupenda sisi wazee wana kodi ya nyumba na karo zao, na mchango wa kwenye WhatsApp hautoshi kumlipia mtu kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, mwezi baada ya mwezi.

Wiki hii, ingia afisi ya watumishi uulize mambo mawili. La kwanza, kama mfuko wenu wa pensheni una hiyo akiba ya matibabu. La pili, kama kampuni inayowapa bima humruhusu anayestaafu kuhamia kadi yake binafsi bila kuanza kungoja upya, kwa sababu baadhi huruhusu, na huwa ni ndani ya siku chache tu baada ya kuacha kazi. Jibu la pili wakupe kwa maandishi.